Je, klasta inaweza kujipangia makundi yenyewe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Tuna seva tatu za Linux zilizounganishwa kuwa klasta, yaani seva zinazopokeana huduma moja ikianguka, kwa programu za Pacemaker na Corosync. Mbili ziko chumba kimoja ofisini, Barabara ya Moi, na ya tatu iko kwenye ghala letu Shimanzi. Diski zinanakiliana kupitia mtandao kwa programu ya DRBD 9. Aliyenitangulia kazini aliweka huduma zote katika kundi moja: hifadhidata ya PostgreSQL, programu ya nyaraka za mizigo, mafaili ya pamoja ya makarani kwa Samba, uchapishaji, na huduma ya kutuma SMS kwa wateja. Ijumaa iliyopita jioni, makarani wakiwa mbioni na nyaraka za meli, uchapishaji ulikwama. Klasta ikataka kuhamisha kundi, ikaishia kuizima seva nzima, na kila kitu kikahamia seva ya pili. Tulikaa karibu robo saa bila mfumo kwa sababu ya printa. Bosi anataka makundi yapangwe upya. Je, kuna njia ya klasta kujipangia makundi yenyewe badala ya mimi kukisia? Na tukishapanga, tutakuwa salama?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umeuliza maswali mawili. La kwanza jibu lake ni ndiyo: makundi yanaweza kukokotolewa, na hesabu yake ni fupi na ya zamani. La pili jibu lake ni hapana. Kwa namna seva zenu zilivyokaa sasa, hata makundi yakipangwa vizuri namna gani, ile seva ya Shimanzi haitawaokoa siku umeme ukikatika Barabara ya Moi. Nitalifikia hilo, na nakuomba usiliruke, kwa sababu ndilo kubwa zaidi.

Tuanze na Ijumaa. Kila kitu ambacho klasta inakisimamia, iwe programu, diski au anwani ya IP, huitwa rasilimali, na kundi la rasilimali ndicho kipimo cha kuhama. Katika Pacemaker, wanachama wa kundi hukaa wote kwenye seva moja, huwashwa kwa mpangilio ulioandikwa, na husimamishwa kwa kinyume chake. Klasta ikitaka kuhamisha kundi, sharti isimamishe kila mwanachama kwanza. Mmoja akikataa kusimama, klasta inakuwa gizani: haiwezi kujua kama ile programu bado inaandika kwenye diski au la. Kuwasha hifadhidata upande wa pili katika hali hiyo ni kuhatarisha data yote. Kwa hiyo, kama mfumo wa kuzima seva kwa nguvu umewekwa, kawaida ya Pacemaker ni kuikatia umeme seva nzima ya yule asiyesimama. Na muda anaopewa wa kusimama, kama hakuna aliyeubadilisha, ni sekunde 20.

Huduma ya uchapishaji yenye kazi inayosubiri printa isiyojibu inazimaliza sekunde hizo bila shida. Kwa hiyo kukwama kwa printa si ndiko kulikowaangusha. Klasta ilifanya sawasawa na ilivyoagizwa. Tatizo ni kwamba uchapishaji ulifungwa kamba moja na hifadhidata, na kamba hiyo haikuwa na sababu. Fungua kumbukumbu za ile seva iliyokuwa ikiongoza klasta saa ile, utafute amri ya kusimamisha uchapishaji. Nina hakika utakuta imepitisha muda, na mstari unaofuata baada yake ni amri ya kuzima seva.

Sasa makundi. Kundi zuri lina sifa mbili: ni kamili, na ni dogo. Kamili maana yake kila kisichoweza kuishi mbali na mwenzake kimo humo. Dogo maana yake hakuna kingine humo. Aliyekutangulia alihakikisha ukamilifu akasahau udogo, na hili naliona sana, kwa sababu kutia kila kitu kwenye kundi moja hakuhitaji kufikiri, na siku za mwanzo kunafanya kazi.

Microsoft walipotoa klasta yao ya Windows NT 4.0 mwaka 1997, waliweka kanuni mbili ngumu: rasilimali iwe katika kundi moja tu, na isitegemee kitu kilicho nje ya kundi lake. Kanuni hizo mbili zikikaa pamoja, makundi yanajitokeza yenyewe. Ukijua nani anamtegemea nani, huna la kuchagua tena. Hapo ndipo kompyuta inapoweza kukufanyia kazi.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Kila rasilimali inaanza ikiwa peke yake, kundi la mmoja. Kisha unapitia orodha ya utegemezi, mstari baada ya mstari. Ukikuta A inaitegemea B, unaliunganisha kundi la A na kundi la B. Orodha ikiisha, yaliyobaki ndiyo makundi yako, na hayawezi kupunguzwa zaidi bila kukata utegemezi wa kweli. Ukimaliza hapo, ndani ya kila kundi unapanga nani atangulie kuwashwa: unachukua kwanza zisizotegemea chochote, unaziweka kando, unaangalia ni zipi sasa zimebaki bila deni, unaziweka, na kuendelea. Njia hii ya kupanga inajulikana tangu 1962. Ukifika mahali ambapo zimebaki rasilimali lakini kila moja inasubiri nyingine, una mzunguko, na waliobaki ndio waliomo au wanaowasubiri waliomo. Mzunguko ni kosa la orodha, usijaribu kuuzunguka kwa ujanja. Kwa rasilimali kumi na kitu kama zenu, programu ya Python yenye mistari thelathini au arobaini inamaliza kazi yote hii kufumba na kufumbua.

Lakini ukiingiza orodha yako jinsi ilivyo, nakuhakikishia utatoka na kundi moja lile lile. Sababu ni kwamba neno kutegemea linabeba mambo mawili, na ni lazima uyatenganishe kabla ya kuanza hesabu.

Kuna kutegemea kwa kukaa pamoja. PostgreSQL haiwezi kufanya kazi isipokuwa mfumo wa mafaili umefunguliwa kwenye seva ile ile, na mfumo wa mafaili hauwezi kufunguliwa isipokuwa pale ambapo diski ya DRBD ina ruhusa ya kuandikwa. Hao hawaachani. Halafu kuna kutegemea kwa kutangulia tu. Huduma yenu ya SMS inaisoma hifadhidata kupitia anwani ya IP. Inataka hifadhidata iwe imewaka, basi. Iwe Barabara ya Moi au Shimanzi, kwake ni mamoja. Klasta ya zamani ya Windows ilichanganya mambo haya mawili katika sharti moja. Pacemaker inayatenganisha, una sharti la kukaa pamoja na sharti la kutangulia, kila moja likiandikwa peke yake. Hiyo ni neema, itumie. Unganisha makundi kwa utegemezi wa kukaa pamoja peke yake, na ule wa kutangulia uuandike baadaye kati ya kundi na kundi.

Tufanye kwa rasilimali zenu, nikifuata ulivyonieleza. Uchapishaji: haugusi diski ya pamoja kama foleni yake iko kwenye diski ya ndani ya seva, kwa hiyo unabaki peke yake. SMS: inabaki peke yake. PostgreSQL na anwani yake ya IP zinaungana na mfumo wa mafaili. Samba na anwani yake inaungana na mfumo wa mafaili ule ule. Programu ya nyaraka je? Wengi wangeifunga na hifadhidata kwa sababu inaitumia kutwa. Lakini programu hiyo inaifikia hifadhidata kwa mtandao. Angalia PDF za nyaraka zilizoskaniwa zinaandikwa wapi. Kama programu inaziandika moja kwa moja kwenye folda ambayo Samba inawafungulia makarani, basi wenzi wa kweli ni programu ya nyaraka na Samba, na hifadhidata ni jirani tu. Hili ndilo ninalolipenda katika kukokotoa: linakuonyesha undugu ambao hukuudhania, na linavunja ule uliouzoea.

Hata hivyo bado hifadhidata na Samba zimeungana, kwa sababu moja tu: diski ni moja. Mfumo wa mafaili wa kawaida kama ext4 hauwezi kufunguliwa na seva mbili kwa wakati mmoja, ukijaribu, unaharibika. Ukitaka kundi liwe dogo zaidi ya hapa, hutalipata kwa kubadilisha masharti, utalipata kwa kugawa diski. Na hapa kuwa mwangalifu, kwa sababu kuna mtego. Katika DRBD, ruhusa ya kuandika hutolewa kwa rasilimali nzima ya DRBD, wala si kwa kila sehemu iliyomo ndani yake. Ukitengeneza sehemu mbili ndani ya rasilimali moja, utaona diski mbili kwa macho lakini zitahama pamoja kama zamani. Tengeneza rasilimali mbili za DRBD zilizo huru, kila moja juu ya kipande chake cha diski kilichogawanywa kwa LVM, ndipo hifadhidata itaweza kukaa seva moja na mafaili seva nyingine.

Utakuwa na makundi manne: la hifadhidata, la nyaraka na Samba, na mawili ya mmoja mmoja, SMS na uchapishaji. DRBD yenyewe haiingii ndani ya kundi la Pacemaker. Inasimama nje kama rasilimali yenye nakala kila seva, na kundi linafungwa nayo kwa masharti mawili: likae pale ambapo nakala imepandishwa cheo, yaani imepewa ruhusa ya kuandikwa, na lisiwashwe kabla ya kupandishwa. Kati ya makundi, andika kwamba nyaraka na SMS zinafuata hifadhidata. Kama programu ya nyaraka inajua kujiunganisha upya hifadhidata ikipotea kwa nusu dakika, fanya sharti hilo la kutangulia liwe la hiari. Likiwa la lazima, kila hifadhidata ikihama, nyaraka nazo zitasimamishwa na kuwashwa upya, na makarani watatolewa nje bila sababu.

Je, orodha ya utegemezi nayo inaweza kukusanywa na mashine? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Amri za findmnt na lsblk zitakuambia folda ipi iko kwenye diski ipi. Ndani ya /proc kila programu ina orodha ya mafaili iliyoyafungua. Amri ya ss inaonyesha nani anazungumza na nani kwa mtandao. Ukichukua picha hizo kila dakika kwa muda wa kutosha, unapata orodha safi kuliko ile iliyo kichwani mwa fundi yeyote, nikiwemo mimi. Neno muda wa kutosha ndilo lenye uzito. Kama kuna ripoti ya mwisho wa mwezi inayosoma folda ambayo siku nyingine haiguswi, na wewe umekusanya wiki ya pili tu, hesabu itakupa kundi pungufu, na utaligundua tarehe 31 saa tano usiku. Kwa hiyo kusanya mwezi mzima, kisha keti na wahasibu na makarani, uwasomee orodha. Watakutajia mawili matatu ambayo mashine haikuyaona.

Hapa ndipo swali lako la pili linapoingia, maana kuna utegemezi ambao hakuna amri ya Linux itakayouonyesha. Seva zenu mbili ziko chumba kimoja. Zinakula waya mmoja wa umeme, pengine UPS moja, swichi moja, kiyoyozi kimoja. Kwa klasta ni nodi mbili, yaani wanachama wawili, lakini kwa ajali ni nodi moja, kama magari mawili yaliyopanda feri moja Likoni: injini ikizima katikati, hakuna gari litakalotangulia kufika. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima, waliokuwa na seva mbili kwenye chumba kimoja kisicho na jenereta hawakuwa na nafuu yoyote kuliko waliokuwa na moja.

Sasa piga hesabu ya akidi, yaani idadi ya kura inayotakiwa ili klasta ifanye kazi. Seva tatu, kura tatu, akidi ni mbili. Umeme wa ofisi ukikatika na UPS ikaisha, Shimanzi inabaki na kura moja. Haina akidi. Kawaida ya Pacemaker kwa asiye na akidi ni kusimamisha huduma zake zote, na inafanya vyema, kwa sababu Shimanzi haiwezi kujua kama ofisi imezimika au kebo ya kati ndiyo iliyokatika na ofisi bado inaandika. Matokeo yake ni kwamba seva mliyoinunua kwa ajili ya siku mbaya itakuwa nzima, ina nakala ya data yote, na itakataa kufanya kazi.

Dawa ni kuzitawanya kura zenyewe. Moja ibaki Barabara ya Moi, moja Shimanzi, na ya tatu iende mahali penye umeme na njia ya mtandao isiyopitia ofisini, tawi lenu la Nyali au Bamburi kwa mfano. Kama hampendi kuhamisha seva nzima, Corosync ina msuluhishi mdogo, qnetd, anayepiga kura tu bila kubeba huduma wala data. Anaishi hata kwenye kompyuta ndogo, na anavumilia mtandao wa polepole kuliko klasta yenyewe inavyovumilia, kwa hiyo anaweza kuwa mbali. Ukimtumia huyo, seva ya pili ya ofisini iondoe kwenye kura, uifanye ya majaribio; utaihitaji.

Njia za mtandao nazo zina kura za uongo za namna hii. Sisi wa Mombasa tuna bahati ya kukaa mlangoni: kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Watu huagiza laini mbili kutoka kampuni mbili wakaona wamejikinga. Lakini Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari yetu hii, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika siku moja baharini upande wa Afrika Kusini. Ni kebo mbili zenye wamiliki tofauti, na zilianguka pamoja kwa sababu zilipita mahali pamoja. Wahandisi wa mitandao huziweka njia za aina hiyo katika kundi moja la hatari, na nakushauri ufanye vivyo hivyo: kando ya orodha ya nani anakaa na nani, andika orodha ya nani anaanguka na nani. Waya wa umeme, swichi, mtaro wa kebo, sakafu ya jengo. Waulize watoa huduma wenu laini zao zinapita mtaro upi kutoka ofisini. Kama wote wawili wanapita mtaro mmoja, trekta moja la kuchimba barabara linawatosha.

Pacemaker inakubali kuambiwa haya. Unaipa kila nodi alama ya mahali ilipo, kisha unaandika masharti yanayotumia alama hiyo. Haitagundua yenyewe.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kuzima seva kwa nguvu. Nadhani mnatumia IPMI, kidhibiti kidogo kilicho ndani ya seva kinachoweza kuizima kwa amri ya mbali. Kidhibiti hicho kinakula umeme ule ule wa seva. Ofisi ikizimika, Shimanzi itaiagiza IPMI ya ofisi izime seva, haitajibiwa, na klasta itasubiri uthibitisho usiokuja, hata kama akidi ipo. Ongeza SBD. Hiyo inatumia saa ndogo ya maunzi iliyomo ndani ya seva, ambayo programu ya klasta lazima iiguse kila baada ya sekunde chache. Isipoguswa, au nodi ikipoteza akidi, seva inajizima na kuwaka upya yenyewe. Wenzake wanasubiri muda uliowekwa upite, kisha wanaendelea kwa uhakika kwamba huyo hayupo.

Bosi wako akikuuliza kwa nini msihamie Kubernetes, mwambie kwamba swali lingebaki lile lile. Huko kipimo cha kuhama ni podi, kontena zinazokaa pamoja, na bado binadamu ndiye anayeamua nini kiingie katika podi moja na podi zitawanyike wapi. Kwa huduma tano na fundi mmoja, mimi ningebaki hapo mlipo.

Kuhusu mpangilio wa kazi. Leo, bila kuzima kitu, ondoa uchapishaji kwenye kundi, na uweke kwamba ukishindwa kusimama uachwe ulivyo, seva isizimwe. Hakuna hatari, kwa sababu haugusi diski ya pamoja. Kama kwa sababu fulani ni lazima ubaki kundini, Pacemaker tangu toleo la 2.1 inakuruhusu kuutia alama ya critical=false, ili kuanguka kwake kusihamishe wenzake. Wiki hii tawanya kura na uweke SBD, na uanze kukusanya orodha ya utegemezi. Kugawa diski kusubiri mwezi uishe na orodha ikamilike. Kabla ya kugusa klasta yenyewe, chukua nakala ya usanidi wake uipeleke kwa crm_simulate, amri ya Pacemaker ya kuigiza bila kugusa kitu, uiambie nodi ya ofisi imekufa, uone kila kundi linapelekwa wapi. Kisha angalia kama seva itakayopokea ina kumbukumbu ya kutosha kubeba makundi yote manne kwa pamoja, kwa sababu ya Shimanzi, kama nilivyokuelewa, ndiyo iliyonunuliwa zamani kuliko zote. Na usiku wa kugawa diski, toa nakala rudufu ya hifadhidata na ya mafaili, uirejeshe kwenye ile seva ya majaribio, ufungue nyaraka chache kwa macho yako, ndipo uanze.